Mjane wa Jumamosi

Siku Fundi Meno alipokwenda posta kuchukua kifurushi chake, alikuta foleni imefika mlangoni. Ilikuwa mwisho wa mwezi, feni imeharibika, watu wanajipepea kwa bahasha. Nyuma ya dirisha la vifurushi alikaa dada mmoja mwembamba, blauzi ya kijani iliyopigwa pasi hadi kola ikasimama yenyewe, hereni ndogo za duara masikioni. Wafanyakazi wenzake walimwita Muhuri kwa jinsi alivyoushindilia muhuri wake mezani, paa! mpaka mtu wa mwisho kwenye foleni akaruka.

"Mzigo wa kutoka nje lazima ufunguliwe," alisema, wembe ukipita kwenye gundi. "Ndani mna nini?"

"Kitabu tu, dada."

Kikatoka kitabu kinene chenye jalada jeusi. Juu ya jalada, picha ya mwanamke wa gauni refu la msiba, taa mkononi, na nyuma yake kitu ambacho hakikuwa kivuli chake. Muhuri akakifungua katikati, akakuta ramani ya makaburi. Akafunua ukurasa uliofuata: orodha ya sumu.

"Hiki ni kitabu cha nini?"

Sauti yake ilizoea kushindana na kelele za foleni, na foleni nzima ikasikia. Mama mmoja mwenye mwavuli akarefusha shingo. "Sumu! Nimeona sumu kwa macho yangu!"

Ukweli haukuwa na ubaya wowote. Kilikuwa kitabu cha mwongozo wa mchezo. Watu wanne watano huketi mezani; mmoja husimulia, na wengine kila mmoja hujifanya mtu wa Uingereza ya zama za Malkia Viktoria, daktari, kijakazi, mpelelezi, na dadu huamua nani atasalimika na kile kinachotembea darini. Kitabu ndicho humwambia msimulizi taa za gesi ziliwashwaje, na maiti ililazwa siku ngapi sebuleni kabla ya kuzikwa. Fundi Meno alikuwa navyo ishirini na kimoja vya namna hiyo. Lakini mchumba wake wa zamani alipoviona alimwuliza ana miaka thelathini na minne au kumi na minne, na hakusubiri jibu. Basi mbele ya macho yale yote, ulimi ukateleza.

"Cha masomo. Nasoma historia. Kila Jumamosi."

Muhuri akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na siku nyingine?"

"Natengeneza meno ya bandia."

"Msomi mwenye meno ya akiba!" Paa! "Haya, mwingine."

Fundi Meno alitoka akitabasamu peke yake kama aliyeokota kitu. Kesho yake akarudi kununua stempu moja. Kesho kutwa, bahasha. Siku ya nne Muhuri akainama karibu na kioo. "Kaka, hizo barua unamwandikia nani?"

"Sijamwandikia mtu. Nakosa anwani."

"Basi andika namba ya simu, uache kutumalizia stempu."

Wakapendana haraka. Fundi Meno alimpigia kila siku saa nne, Muhuri akipumzika.

"Muhuri wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri, umeniharibia sasa. Historia inasemaje leo?"

"Inasema wazee wetu walioa mapema."

"Mwongo wewe! Ukurasa wa ngapi?"

Na dada yake Muhuri, mwalimu wa udereva mwenye sauti ya kusimamisha lori, alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba shemeji ni msomi. Kila sifa ilimwingia Fundi Meno kama mwiba. Alijiambia atasema wiki ijayo. Wiki ikaja, akanyamaza. Miezi mitano ikapita hivyo.

Ijumaa moja walikuwa wakila mchana kwenye mkahawa mdogo ulio chini ya karakana yake ya meno. Fundi Meno akaenda kunawa. Simu yake, pale kando ya sahani, ikawaka. Ujumbe ulitoka kwa mtu aliyeandikwa Mjane.

"Mume wangu, kesho wahi. Nataka pete yangu, na mtoto umkubali mbele ya watu. La sivyo nitakuandama mpaka kaburini."

Muhuri akausoma mara mbili. Mwenzake akarudi, mikono inadondosha maji.

"Kesho una darasa?" Muhuri aliuliza polepole.

"Ndiyo, kipenzi. Tena kuna mtihani kidogo."

"Ufanye vizuri." Akachukua mkoba, akaacha chakula chote kikifuka moshi.

Jumamosi alasiri, baada ya kusikia kwa mwenye mkahawa kwamba kila Jumamosi wageni hupanda kwa Fundi Meno, dada wawili walipanda ngazi za karakana. Muhuri alivaa gauni jekundu la kubana na viatu vya kisigino, maana hakutaka mjane yeyote amshinde. Dada alivaa raba.

"Za nini hizo?" Muhuri aliuliza.

"Za kazi," alisema dada.

Walipofika juu walikuta jua bado kali lakini mapazia yamefungwa. Nyuma ya mlango sauti nene ilikuwa ikilia: "Mume wangu! Ulinizika ningali hai!"

Dada akanong'ona, "Huyo mwanamke ana mafua?"

Muhuri akausukuma mlango.

Mishumaa ilikuwa inawaka katikati ya meza, ramani imetandazwa, dadu zimezagaa, na rafuni mataya ya plasta yamepanga mstari yakiwachekea. Fundi Meno alikuwa kwenye kiti cha mwisho, kitabu cheusi mbele yake. Kulia kwake mkunga mstaafu alikuwa anafuma soksi. Kushoto aliketi mwenye bucha la jirani, jitu la kifua kipana na ndevu hadi kooni, amejitanda lesi nyeusi kichwani.

"Mjane ni nani hapa?" Muhuri aliuliza.

Mwenye bucha akanyoosha kidole kama mtoto wa shule. "Mimi, shemeji. Ila nimeshakufa."

"Na mtoto?"

"Mtoto nilimpokea mimi mwezi uliopita," mkunga akasema bila kuinua macho kwenye soksi. "Hana kivuli, maskini."

Dada akashika mlango, akacheka mpaka akakaa sakafuni na raba zake. Mwenye bucha akajieleza: ni mchezo tu, na Fundi Meno ndiye mume wake, bwana mmoja katili, lakini wa kwenye hadithi. Muhuri hakucheka. Alikuwa akimtazama yule wa kiti cha mwisho.

"Darasa liko wapi?"

"Hakuna darasa."

"Tangu lini?"

"Tangu posta." Fundi Meno alisimama. "Niliona haya. Watu walikuwa wengi, na wewe ulikuwa..."

"Miezi mitano nimekuombea ufaulu mitihani! Kwa magoti!" Sauti yake ilikatika, na mkunga akaacha kufuma. "Angekuwa mwanamke ningejua pa kumkamata. Uongo nitaukamata wapi?"

Akageuka. Visigino vilisikika ngazi hadi ngazi, mpaka barabarani.

Wiki mbili simu za saa nne ziliita bila kupokewa. Fundi Meno akakonda. Alitengeneza seti nzima ya meno ya juu, mteja akalalamika kwamba yana huzuni. Na kwa kuwa mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, akaamua kwamba balaa lake, kama la mara ya kwanza, limeletwa na vitabu.

Jumatatu ya wiki ya tatu simu ya Muhuri iliita. Namba ngeni.

"Shemeji, ni mimi, Mjane."

"Marehemu anapiga simu?"

"Usinicheke, hili ni la kweli. Jamaa anauza vitabu vyake vyote. Mnunuzi anafika saa sita hii."

"Anauza kwa nini?"

"Anasema ndivyo vilivyomkosesha wewe."

"Jamani, mpumbavu gani huyu!" Muhuri akaning'iniza kibao cha DIRISHA LIMEFUNGWA, foleni ikaguna, yeye huyo.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Vitabu vimejaa kwenye maboksi mawili, na mbele yake kijana wa suti ya bluu, futi ya kupimia mkononi. Alikuwa mpambaji wa mikahawa. Alitaka vitabu vyeusi vya kujaza rafu.

"Hiki," Fundi Meno alikuwa akisema, amekishika kwa mikono miwili, "kina ratiba za treni. Unajua ile hofu ya kukosa treni ya mwisho na ukungu umefunga? Na hapa wameeleza kengele za makaburini. Watu waliogopa kuzikwa hai, basi kamba ilifungwa kidoleni, na kengele ikawekwa juu. Sasa hebu fikiria wewe ndiye mlinzi, hakuna upepo, na kengele inalia..."

"Vyote vina urefu mmoja?" aliuliza mpambaji.

Muhuri alisimama mlangoni, vinyweleo vya mikono vimemsimama. Miezi mitano mtu huyu alimsimulia historia kama anayesoma risiti. Sauti hii hakuijua, wala macho haya, wala hayo mavumbi ya plasta kwenye nyusi yanayotikisika kwa furaha. Alijiona kama ndiyo kwanza wanakutana.

"Haviuzwi," alisema.

Mpambaji akageuka. "Samahani, wewe ni nani?"

"Mke wake."

"Ameniambia hana mke."

"Hana bado."

Mpambaji akamtazama huyu, akamtazama yule, akakunja futi yake, akaaga. Wakabaki wawili na mataya ya plasta.

"Ungeweza kusema dada yake," Fundi Meno akasema kwa shida.

"Ningeweza."

"Mbona hukusema?"

"Unaniuliza mimi au unaniomba?"

Akaweka kitabu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akazidi kuichafua. "Nakuomba. Nioe... yaani nikuoe. Uwe mke wangu."

"Sikukasirikia vitabu, laazizi. Ungeniambia ukweli siku ile ningekucheka siku moja tu, kisha ningeuliza mlinzi alifanya nini kengele ilipolia. Sasa sikiliza. Usinidanganye tena, hata uongo wa kunifurahisha. Na Jumamosi nataka kiti."

"Kiti chako hata leo."

"Subiri, bado. Dada yangu utamwambia mwenyewe. Sasa hivi." Akampa simu, tayari inaita.

Fundi Meno akaiweka sikioni. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, msomi."

"Dada, nilikosa. Mimi si msomi wa historia."

"Hilo nilishalijua siku nilipoona mwanamke mwenye ndevu. Lingine?"

"Lingine ni kuhusu mdogo wako. Mimi na yeye..."

"Ngoja kwanza!" Kule upande wa pili gari likafunga breki, honi zikalia, dada akamkemea mwanafunzi aegeshe pembeni na asiguse kitu. Kisha injini ikazimwa.

"Haya, baba," akasema, sauti imelainika. "Nimekaa vizuri. Sema."

Akasema.