Dakika Hamsini hadi Mwanza

Rukambingu ilinyanyuka Vancouver bila mngurumo, ikapenya mawingu na kutoka nje ya tabaka la hewa. Huko juu hakuna upepo wa kukizuia chombo. Kilielea kimya, kisha kikashuka Mwanza kama jiwe lililofungwa breki. Kilomita elfu kumi na nne na ushee zilimalizwa kwa dakika hamsini. Zamani safari hiyo ilikuwa ikimla mtu siku nzima na zaidi, akibadilisha ndege njiani.

Mhandisi Minza Bulugu ndiye aliyebuni ngao ya joto ya chombo hicho. Yeye pia ndiye aliyelishawishi baraza la usafiri liondoe ndege za zamani. Zilikatwakatwa kuwa vyuma chakavu, na njia zake ndefu za kurukia zikajengwa nyumba.

Aliishi Vancouver. Mama yake, Kabula, alibaki Mwanza na moyo uliochoka.

"Lini utakuja, mwanangu?"

"Niko dakika hamsini tu, mama. Siku yoyote nakuja."

Na kwa kuwa ilikuwa siku yoyote, miaka mitatu ikapita.

Kisha mlipuko ukatokea kwenye uso wa jua. Dhoruba ya miale ikalifunika anga la juu, na akili unde inayoongoza rukambingu ikavizuia vyombo vyote kuruka. Asubuhi hiyohiyo Maduhu, mdogo wake Minza, akapiga simu kutoka Mwanza kupitia waya wa chini ya bahari.

"Dada, mama amezidiwa. Daktari anasema tusitegemee kesho."

Minza alikimbilia kituoni. Mkuu wa zamu alitikisa kichwa.

"Ukiruka leo, Mhandisi, utafika maiti. Unajua kuliko mimi."

"Nitafutie ndege ya kawaida. Hata ya mizigo!"

"Ndege gani? Zimebaki meli. Mwezi mzima."

Minza akaketi sakafuni. Simu ikalia tena.

"Anauliza umefika wapi," Maduhu alinong'ona. "Nimwambie nini?"

Kwa mara ya kwanza maishani, Minza aliuona umbali wenyewe: milima, barafu, bahari, jangwa, na yeye hana miguu ya kuvivuka.

"Mwambie nimeshapanda."

Alimsikia Maduhu akiusema uongo ule. Akamsikia na mama, kwa sauti nyembamba yenye furaha: "Basi mnivalishe khanga nzuri."

Dhoruba ilitulia baada ya siku tatu. Minza alipofika, kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Maduhu alimpokea uani, macho mekundu. Hakumlaumu, afadhali angemlaumu.

"Aliondoka saa ngapi?" Minza aliuliza.

"Jioni ileile. Alikuwa anasikia baridi, nikataka kufunga mlango. Akanikatalia." Maduhu akageukia mlango. "Alisema, 'Acha, dada yako anaingia sasa hivi.'"