Wali Usiotiwa Chumvi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maduka ya mtaa wa Gongoni wakati Wilbroad alipoingia kwenye mgahawa mpya wa sushi. Alimwahidi mkewe, Yustina, kwamba siku moja watakula hapo. Yustina alifariki mwezi Machi. Wilbroad alitaka kuitimiza ahadi peke yake, kisha arudi nyumbani Chemchem akalale. Alikuwa hajalala vizuri tangu mazishi.

"Shikamoo, baba," alisema mhudumu, Najiat.

"Marahaba. Naomba sushi ya samaki aliyeiva. Bila chumvi, nina presha."

Sahani ya kwanza ilikuja imemwagiwa mchuzi wa soya. Akairudisha. Ya pili haikuwa na mchuzi, lakini wali wake ulikuwa na chumvi.

"Binti, nilisemaje?"

"Baba, wali wa sushi hutiwa chumvi. Ndivyo mpishi alivyofundishwa Dar."

"Basi aisahau Dar. Apike mwingine. Sitaki hata chembe!"

Alingoja dakika arobaini. Taa zikawashwa. Presha aliyokuwa akiikwepa ikampanda kwa hasira.

Sahani ya tatu ilikuja. Vipande kumi na viwili vya wali na samaki, chapwa kama maji. Hatimaye! Akala vitatu upesi.

Kisha harufu...

Tumbaku iliyokaushwa. Yustina alikulia Ntalikwa, kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Hakuna sabuni iliyowahi kuitoa harufu ile mikononi mwake.

Kiti cha mbele kilikwaruza sakafu.

Hapakuwa na mtu.

Akatazama sahani. Alikula vitatu tu, lakini vilibaki vitano.

Ndipo alipomkumbuka Marcelina, shangazi wa Yustina, siku ya msiba, akiweka bakuli la wali nyuma ya nyumba. Siku ile Wilbroad alicheka.

"Cheka tu, mkwe," alisema shangazi. "Wapagazi walipita hapa na chumvi ya Uvinza mabegani. Aliyefia njiani, wenzake walimwachia chakula kisicho na chumvi. Mzigo alishautua, hataki kuuonja tena. Nasi tunafanya hivyo hivyo. Ila aliye hai asikiguse chakula hicho. Akila, ameitika wito wa marehemu."

"Najiat!" Sauti ilimtoka kwa mnong'ono. "Lete chumvi."

"Jamani, baba! Si umeikataa mara mbili?"

"Lete, nakuomba."

Akaleta kikopo. Wilbroad akamimina kiganjani, akalamba.

Akamimina tena. Akalamba tena.

"Hii... ni chumvi?"

Najiat akaonja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso. "Kali mno, baba."

Kisha akakigeukia kiti cha mbele, akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Nikuongezee wali?"

Wilbroad hakuthubutu kuinua macho. Aliitazama sahani. Kilibaki kipande kimoja, nacho kilikuwa kinasogezwa, polepole, kuelekea kwake.