Kopo la Pilipili Manga

Kila Jumamosi asubuhi, mama alipopanda mlimani kuvuna pilipili manga, Mwanvita alibaki nyumbani na mdogo wake Mansuri. Alimnywesha uji kijiko kwa kijiko, akamfuta mdomo, kisha akamlaza mkekani na kumnyoosha mikono na miguu taratibu. Mansuri alikuwa na miaka mitatu. Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, na madaktari walisema ana mtindio wa ubongo. Miguu yake ilikuwa migumu na shingo haikumtii vizuri, lakini kucheka alicheka, tena kicheko cha kuambukiza nyumba nzima.

Mazoezi hayo walifundishwa na Dokta Rose, aliyekuja kijijini kwao Matombo mara moja kwa mwezi kutoka Morogoro mjini. Siku moja pale zahanati alimpa Mwanvita daftari na kazi mpya.

"Baadhi ya watoto kama Mansuri hawasikii vizuri, na watu hawagundui," alisema. "Mtoto asipogeuka, wanasingizia shingo. Kila Jumamosi kaa nyuma ya bega lake, asikuone. Tikisa kopo lenye punje, halafu chungulia macho yake. Yakitulia au yakianza kutafuta, andika 'amesikia'. Yasipobadilika, andika 'hakusikia'. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dokta. Hiyo mbona rahisi!" alijibu Mwanvita, ambaye darasani alikuwa wa tatu na hakupenda mtu asahau hilo.

Jumamosi ya kwanza alitia punje za pilipili manga kwenye kopo la maziwa, akakaa nyuma ya mdogo wake na kutikisa. Mansuri aliendelea kutazama kuku uani. Akatikisa kwa nguvu zaidi, hadi kuku wakatimka. Mansuri alicheka kuona kuku wanakimbia, wala hakujua kilichowakimbiza.

Mwanvita alilishusha kopo. Tayari watoto wa njia ya mtoni walimwita mdogo wake gogo. Je, wakisikia kwamba ni kiziwi pia? Alizunguka mbele, akalitikisa kopo usoni pa Mansuri. Mtoto aliliona, akachangamka na kunyoosha mkono. Basi, Mwanvita akaandika: Amesikia.

Jumamosi zilizofuata hata kopo hakuligusa. Kuna siku aliandika "amesikia" mara nne kwa mkupuo, akakimbilia kucheza rede na rafiki yake Shadya.

Dokta Rose alilisoma daftari akafurahi. Mwezi huo watoto wawili walipelekwa mjini kupimwa masikio kwa mashine. Mmoja alikuwa Ernest, mtoto wa jirani, ambaye daftari lake lilijaa "hakusikia". Jina la Mansuri halikuwamo. Mwanvita alisimama pale amempakata mdogo wake, ukweli umemfika kooni, akaumeza.

Miezi ikapita. Mansuri akaanza kujiburuza, na popote penye hatari ndipo alipopapenda. Jioni moja alijisogeza hadi karibu na mafiga, uji ukichemka.

"Mansuri, acha!" mama aliita. "Mansuri!"

Mtoto hakusimama. Mama alimfikia kwa hatua mbili, akamchapa kofi mkononi.

"Unasikia wewe! Daftari limesema unasikia. Huu ni ukaidi tu!"

Mansuri aliutazama mkono wake, kisha akamtazama mama, kama anayeuliza maumivu yale yametoka wapi. Ndipo akalia. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo, na Mwanvita hakuweza tena kuvumilia.

"Mama, usimpige! Hasikii. Nilitikisa kopo, hakusikia. Mimi... mimi niliandika uongo."

Mama aliweka mwiko chini. Mwanvita alifumba macho akingoja kipigo, lakini kipigo hakikuja, na afadhali kingekuja. Alipofumbua aliona mama amekaa chini vumbini, ameushika ule mkono mdogo na kuupuliza.

"Tangu daftari lile, nimempiga mara ngapi?" mama aliuliza.

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui."

Wiki iliyofuata walikwenda mjini. Mashine ya hospitali ilionyesha kwamba Mansuri husikia sauti kubwa sana tu. Baada ya siku kadhaa za kwenda na kurudi, alivalishwa vifaa viwili vidogo vya kusaidia kusikia. Dokta Rose, ambaye mama alishamweleza habari ya daftari, alikuwapo. Mama alitoa kopo la maziwa kwenye kikapu.

"Haya, Mwanvita. Safari hii kaa nyuma," alisema Dokta Rose.

Mwanvita alilitikisa polepole. Macho ya Mansuri yalisimama. Mdomo ukabaki wazi. Kisha macho yakaanza kutafuta, huku na huku, kitu kilichokuwa kinamwita.

"Amesikia," Mwanvita alisema, machozi yakimtoka. "Dokta, sasa ataongea kama wenzake?"

"Tutajitahidi. Siwezi kukuahidi," alijibu Dokta Rose. "Mtoto hujifunza maneno kwa kuyasikia tangu angali mdogo. Miezi hii minane Ernest, mwenye vifaa kama hivi, alikuwa anajifunza, na Mansuri alikuwa kwenye ukimya. Hiyo hatuwezi kumrudishia."

"Sikutaka wamcheke, dokta."

"Najua. Ulimpenda, ukataka kumwepusha na jina baya. Lakini mimi siishi kwenu, mwanangu. Naona kwa yale mnayoniambia. Ukiniambia lililo kweli, hata likiwa chungu, nitajua pa kuanzia. Ukiniambia linalopendeza, nitakwenda zangu nikidhani hakuna kazi. Ukweli wa mtoto huyu haukuwa wako wa kuuficha. Ulikuwa wake, nao ndio ungemletea msaada."

Mwanvita aliinamisha kichwa.

Mama alisogea nyuma ya Mansuri, mahali ambapo mtoto asingeweza kumwona, akainama.

"Mansuri," aliita kwa sauti ya chini. "Nisamehe, mwanangu."

Ile shingo ngumu ikaanza kugeuka, taratibu sana, kuitafuta sauti ya mama.