Inchi Ishirini na Moja

"Usiniambie hakuna mtu. Hivi vikanyagio vimejishusha vyenyewe?"

"Sikusema vimejishusha. Nimesema hakuna mwanamke."

"Kumbe ni mwanamume. Afadhali, nilikuwa nahangaika bure."

"Inchi, punguza sauti. Watu wanasikia."

"Wasikie. Kila siku wanasikia nyundo, leo wabadilishiwe."

Ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi. Mwanamke aliyeitwa Inchi alikuwa ameketi kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, katikati ya gereji, amevaa gauni la buluu lenye mkanda mwembamba alilojishonea kwa ajili ya matembezi ya siku hiyo. Miguu yake ilining'inia hewani kama ya mtoto kwenye kiti cha daktari. Miezi miwili iliyopita viatu vyake vilikuwa vinatua pale bila yeye hata kuangalia. Sasa chuma kilikuwa mbali huko chini, na hata aliponyoosha vidole hakukifikia.

Mwenye pikipiki, fundi mrefu ambaye gereji nzima ilimwita Grisi, alisimama kando na miwani nyeusi usoni. Hakuivua.

"Jioni huji tena kunichukua kazini," Inchi alisema. "Unasema kazi nyingi. Haya. Umeanza kuvaa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba, kama msanii. Haya. Sasa umeng'oa vikanyagio vyangu ukamwekea mwenye miguu mirefu. Na hili nalo niseme haya?"

"Mwenye miguu mirefu si mwanamke."

"Basi mtaje."

Grisi alisukuma miwani ikae vizuri puani.

Inchi hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu. Alitoa tepu ya kupimia kwenye mkoba, maana fundi wa nguo hatembei bila tepu, akaweka mwanzo wake penye goti na kuiachia ishuke mpaka kwenye chuma.

"Goti hadi kisigino, inchi ishirini na moja. Mtu huyo au twiga?" Akapima upande wa pili. "Huku ishirini na nusu. Yaani kwa haraka uliyokuwa nayo ya kumpakia, hata kuvilinganisha hukuweza. Wewe."

Hapo uso wa Grisi ulibadilika. Maneno ya mwanzo yote aliyapokea kama mvua, lakini hilo la nusu inchi lilimwingia. Aliinama akapapasa kikanyagio kimoja, kisha kingine. Inchi alishuka, akaburuta viatu vyake vya kisigino juu ya mafuta na vumbi la chuma, akaenda zake kwa miguu.

Walikuwa wamekutana mwaka mmoja nyuma, mwisho wa mwezi, kwenye mtaa wa maduka ya vitambaa, siku ambayo mtu akidondosha leso hana pa kuinamia. Cherehani ya Inchi ilikaa kwenye kibaraza cha duka moja. Mchukuzi aliyebeba robota la kitambaa begani aligeuka bila kuangalia, robota likampiga Grisi kisogoni, na Grisi akaangukia meza ya vifungo. Vifungo mia mbili vikasambaa.

"Unaviokota vyote," Inchi alisema.

"Vyote?"

"Mpaka cha mwisho. Nina idadi yake."

Alipiga magoti akaokota. Hapo ndipo Inchi alipoiona suruali yake, imeishia katikati ya ugoko.

"Suruali yako imegombana na viatu?"

"Nikikaa kwenye pikipiki inapanda. Mafundi wote wananishonea hivi hivi."

"Kwa sababu wanakupima umesimama, kana kwamba huketi. Kaa hapo kwenye stuli."

Alimpima ameketi, akamshonea ovaroli iliyofunika viatu, na wiki iliyofuata Grisi akaja kumwonyesha jinsi inavyokaa akiwa juu ya pikipiki. Akampakia. Kwenye kioo aliona jinsi miguu ya Inchi ilivyoning'inia njia nzima.

Jumapili iliyofuata alinunua jozi ya vikanyagio vya nyuma, vipana na vyenye meno, ambavyo havikutengenezwa kwa pikipiki ile. Ulimi wa chuma ulikataa kuingia mahali pake. Grisi alivibana kwenye jiliwa akapiga tupa mara tano, akajaribu, akapiga tena tano, akajaribu, mpaka vikaingia. Akaweka washa, pete nyembamba ya chuma, ili visicheze. Kisha akachomelea kipande cha chuma bapa kuvipandisha juu inchi tatu, Inchi ameketi juu ya pikipiki, soli ya kiatu chake imechorwa chaki.

"Hivyo vinatosha," Inchi alimwambia. "Mimi si malkia."

"Cha kulia kiko chini unywele mmoja."

"Unywele mmoja nitausikia wapi?"

"Mguuni, ukishakwenda mbali."

Inchi aliitazama chaki kwenye soli yake. Tangu amzike baba yake, aliyemuuguza miaka minne, alikuwa akiishi peke yake kwenye chumba chenye kiti kimoja na sahani mbili, moja ikifunika nyingine. Kutwa nzima alipunguza na kuongeza nguo ili ziwakae watu. Hakuna mtu aliyewahi kuchukua tupa au mkasi akabadilisha kitu ili kimkae yeye. Mara ya kwanza ilikuwa ile, na sasa vile vyuma vimeng'olewa.

Wiki iliyofuata ugomvi ilikuwa ndefu. Alishona redio ikiwa imefunguliwa, ikisema yenyewe. Alipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, akala nusu amesimama, nusu akaila ikiwa baridi asubuhi. Na kila mwanamke mrefu aliyepita mbele ya kibaraza alimtazama miguu. Wateja wawili walipimwa goti hadi kisigino kwa ajili ya blauzi.

Jumatano mchana simu iliita. Aliiacha ikaita mara mbili, ya tatu akapokea.

"Umekula?" Grisi aliuliza.

"Nimekula. Twiga wako amekula?"

"Inchi."

"Uliza tu, maana shingo ndefu, chakula kinachelewa kufika."

Alimsikia akicheka kidogo. Inchi alikandamiza simu sikioni. Kama Grisi angejieleza wakati ule, hata kwa uongo wa maana, angemkubalia. Alikuwa amechoka kula amesimama.

"Nimekukumbuka," Grisi alisema. "Ningekuja jioni, lakini Mnene ana kazi."

"Mnene wa gerejini? Anahusika vipi na wewe kuja kwangu?"

Upande wa pili nyundo iligonga chuma.

"Grisi, nakuuliza."

"Basi mama. Tutaongea."

Akakata.

Ijumaa, adhuhuri, alikuja mwalimu aliyetaka suruali ya kuendeshea baiskeli. Alikuwa mwanamke mrefu kuliko wote mtaani. Mlango wa duka aliupita ameinama. Inchi alimkalisha kwenye stuli, akaweka tepu kwenye goti.

Kumi na nane na nusu.

Akapima tena.

"Kuna tatizo?" mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, umewahi kuona mwanamke mwenye mguu kukuzidi?"

"Labda kwenye televisheni."

Inchi alichukua daftari lake la vipimo, akafungua kurasa moja baada ya nyingine huku akiteremsha kidole. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na tano na nusu. Mwaka mzima wa magoti ya watu. Ishirini na moja ilikuwepo mara moja tu, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake neno: ovaroli.

Vikanyagio vilikuwa vya Grisi mwenyewe.

Kwa hiyo Grisi anakaa nyuma ya pikipiki yake. Kwa hiyo anaendeshwa, na anayemwendesha ni Mnene. Na yule mtu aliyeona unywele mmoja, ameshindwa kuona nusu inchi. Na ile miwani.

"Mwalimu, niwie radhi. Rudi kesho."

"Kesho nina kipindi."

"Basi keshokutwa," Inchi alisema, tayari yuko barabarani.

Alimkuta ndani kabisa ya gereji, ameketi, kipande cha chuma kimebanwa kwenye jiliwa, anakipapasa ukingo kwa dole gumba. Mnene, fundi mfupi wa mviringo, alimwona Inchi akaacha mkate wake.

"Mimi naenda dukani," alisema. "Sijui kununua nini, lakini nitakitafuta sana."

Inchi alisubiri atoke.

"Vua miwani."

"Jua kali."

"Tuko ndani, Grisi."

Akaivua. Jicho la kulia lilimtazama. La kushoto lilikuwa na ukungu mweupe katikati, kama kioo kilichopumuliwa, na wekundu pembeni.

"Lini?"

"Mwanzo wa mwezi uliopita. Nilikuwa nasaga kikanyagio cha mteja. Kinga ya macho ilikuwa chafu, nikaiweka kando, nikasema dakika moja tu. Kichembe kikaingia."

"Na kuendesha?"

"Daktari amekataza. Mnene ananileta na kunirudisha. Kwenye vikanyagio vyako magoti yalinifika kidevuni, nikavitoa nikaweka vile vya chini. Nakaa nyuma ya pikipiki yangu kama gunia la mkaa." Akafuta mikono kwenye ovaroli. "Nilidhani nimevilinganisha. Ulipopima ndipo nikajua sioni tena."

Hilo alilisema polepole, na Inchi alitamani tepu yake ingekatika siku ile.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Unakumbuka tulipopita nje ya hospitali? Ulisema, mimi uuguzi nilimalizia kwa baba, mwanamume akiniugulia namrudisha kwao. Ukacheka."

"Nilicheka."

"Lakini ulimaanisha."

Inchi alitafuta uongo wa kumpa, hakuupata. Miaka minne alimgeuza baba yake kitandani, akakosa harusi za rafiki zake zote, na siku ya mazishi aliona aibu kwa jinsi alivyolala usingizi mzito.

"Nilimaanisha," alisema.

"Ndiyo maana."

"Sijamaliza. Sasa daktari anasemaje?"

Grisi alitoa karatasi chini ya kopo la nati. Jicho lilikuwa limekufa, na lazima litolewe kabla halijaharibu lenzake. Alikuwa amepewa kitanda mara mbili, mara zote mbili hakwenda. Cha tatu kilikuwa cha siku ile ile, kabla ya saa kumi, na baada ya hapo arudi mwisho wa foleni.

"Na mpaka saa hizi umekaa hapa unapapasa chuma?"

"Karatasi inataka mtu wa karibu. Jina, simu, uhusiano. Kwetu hawapo tena. Mnene alijitolea, lakini ningeandika nini? Dereva?"

Inchi aliisoma karatasi mpaka chini. Nafasi tatu, mistari mitatu. Alijua yote ambayo karatasi ile haikuandika: harufu ya wodi, benchi la kusubiria lenye ubao uliolegea, nguo za kufua, hasira za mgonjwa ambazo humwangukia aliye karibu. Alijua pia chumba chake, na redio.

"Jicho moja litakutosha kufanya kazi?"

"Mnene anasema nitagonga vidole."

"Sikumuuliza Mnene."

"Litanitosha. Nitakwenda polepole."

"Leta kalamu."

"Inchi, usifanye kwa huruma."

"Huruma yangu iliisha zamani. Leta kalamu."

Aliandika jina lake, kwa mwandiko wake wa kulala. Akaandika namba ya simu. Penye mstari wa tatu alisimama.

"Andika rafiki," Grisi alisema.

Inchi aliandika, akamgeuzia karatasi. Grisi aliisogeza karibu na jicho lake zima, akaiinamisha ipate mwanga.

"Hatujaoana," alisema.

"Basi tusiwe waongo kwa muda mrefu. Wakikutoa, tunakwenda."

"Yaani unanichumbia kwenye fomu ya hospitali?"

"Wewe ulikuwa unangojea nini? Vaa shati safi. Na chukua kandambili, za kule zinaibwa."

Mnene alikuwa nje, mikono mitupu, ameegemea pikipiki.

"Niwashe? Nimpeleke?"

"Tunatembea," Inchi alisema. "Funga jiliwa vizuri, na mkate wa Grisi uule wewe."

Mtaa ulikuwa umejaa watu wa mchana. Walikwenda wameshikana mikono, Inchi upande wa kulia kama siku zote, karatasi imekunjwa ndani ya mkoba. Walipofika penye kona, mkokoteni wa mabati ulipita kushoto kwa Grisi, ukamkwaruza bega. Hakuwa ameuona kabisa. Alishtuka akasimama, mkono mmoja hewani, akitafuta ni nini kilichompiga.

Inchi aliuachia mkono wa kulia wa Grisi, akazunguka nyuma ya mgongo wake, akashika wa kushoto. Wakaendelea.