Nishani ya Gharika na Tundu la Upepo

Vuteni vigoda, jamani, na aliye na mbegu za alizeti agawe. Habari hii tumeinong'ona milangoni miaka mingi katika ua wetu hapa Tianjin. Leo naisema kwa sauti, maana baridi inarudi na watu wameanza kuwasha majiko.

Ua wetu ulikuwa na familia saba na bomba moja la maji. Kila mwezi wa kumi na moja ulipofika, sote tulikuwa nje: kabichi za majira ya baridi zimepangwa ukutani hadi usawa wa kiuno, makaa ya matundu, yale madonge ya vumbi la makaa yenye vitobo, yamelundikwa chini ya baraza, Mama Pang akimzomea mumewe kwa kuvunja kila donge la tatu. Katikati ya makelele hayo alipita Mzee Luo Dexing na ngazi begani, na mkewe Yinzhi nyuma yake na bakuli la gundi ya unga ya kubandikia karatasi kwenye nyufa za madirisha.

Luo alichochea tanuri la kiwanda cha mablanketi miaka thelathini na mmoja. Alijua tabia za moshi kama mtu anavyozijua tabia za mkwewe. Yeye ndiye aliyekung'uta mabomba ya majiko yetu na kuweka matundu ya upepo, vile visanduku vya bati vinavyobanwa kwenye kidirisha cha juu ili hewa chafu ya makaa isitukabe. Jioni, kabla hajagusa tambi zake, alisimama katikati ya ua na kupaza sauti:

"Tundu liko wazi?"

"Liko wazi!" nyumba zote zilimjibu, moja baada ya nyingine, na watoto wakijibu mara mbili kwa utundu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kisha Luo akastaafu, akaingia soko la vitu vya kale, na huko akakutana na nishani.

Si nishani za vita, msije mkamsingizia. Zilikuwa za misaada ya maafa, zile zilizotolewa enzi za wababe wa vita, kila jenerali alipokuwa na mkoa wake na jeshi lake. Ukame ulipoua watu au mito ilipovunja kingo, waliotoa nafaka na waliochota uji walipewa kipande cha fedha chenye masuke ya ngano. Luo alianza na moja. Mwaka wa tatu akawa na arobaini na mbili, ndani ya makopo ya biskuti, chini ya kitanda, ndani ya mtungi wa mchele. Mchele wenyewe ukahamia kwenye mfuko.

Yinzhi alikuwa mtu wa mizaha. Siku moja alizishika mbili akazigonganisha, akamwita mumewe kwa jina la binti yao.

"Baba Man, hizi walipewa watu waliookoa watu. Wewe umemwokoa nani?"

"Nimeziokoa zenyewe," Luo alijibu bila kuondoa macho kwenye kioo chake cha kukuzia.

Alicheka mama wa watu, kisha akakohoa. Kikohozi hicho kilikuwa na mwaka wa pili.

Luo alipaswa kumpeleka hospitali. Alisema Jumatatu. Jumatatu kukawa na mtu sokoni aliyetoka Jinan na mkoba wa vitu. Akasema Ijumaa. Ngazi ilibaki imeegemea ukuta, na mwaka ule tuliweka matundu yetu wenyewe, vibaya vibaya. Jioni hakuna aliyetuuliza kitu, nasi, wavivu tulivyo, hatukuulizana. Nasema haya nikijihesabu na mimi.

Nishani iliyommaliza ilikuwa ya arobaini na tatu. Mbele ilikuwa na masuke mawili na maneno ya kuokoa watu, yanayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto kama ilivyokuwa zamani. Nyuma ilikuwa na mwaka wa Jamhuri, unaohesabiwa tangu mfalme wa mwisho aondolewe, ila tarakimu ilikuwa imelika. Luo alisema ni mwaka wa sita, mwaka wa gharika kubwa iliyoizamisha Tianjin. Kou, mfanyabiashara wa soko mwenye meno ya dhahabu na mdomo usiochoka, alisema ni mwaka wa nane.

"Mwaka wa nane msaada gani ulitolewa hapa, Mzee Luo? Hiyo kachonga fundi wa kijiko!"

"Sita, wewe! Kwa maandishi yetu sita ni nane iliyovaa kofia. Kofia imelika tu."

"Kofia ameivaa nani, mimi mbona naona upara?"

Soko zima liliangua kicheko. Luo akarudi nyumbani uso umemwiva kama kaa, na tangu siku hiyo hakulala wala hakula vizuri. Alitafuta kofia. Aliiinamisha nishani mwangani, akaipuliza, akaikwaruza na ukucha.

Luo Man, binti yao, alikuja Jumapili kutoka kwa mumewe, akamkuta mama yake amejikunja kitandani.

"Baba, mama amekonda hivi unamtazama?"

"Ni mafua."

"Mafua ya miaka miwili? Kesho naenda kazini kuomba ruhusa. Jumatano narudi, nampeleka mwenyewe, na haya makopo nayauza yote. Nitaanza na hiyo uliyoishika."

"Man, mwanangu, msikaripiane," alisema Yinzhi. "Baba yako ana maradhi yake, mimi nina yangu. Tuonee huruma wote."

Basi hapo ndipo kichwa cha Luo kilipofanya kazi vibaya. Binti angeangalia chini ya kitanda. Angeangalia mtungini. Wapi ambapo hakuna mkono wa mtu mwingine unaofika? Jumatatu asubuhi aliivuta ngazi yake, na Mama Pang akafurahi kumwona nayo.

"Ee, Mzee wetu amerudi kazini! Njoo na kwangu baadaye!"

"Nitakuja," alisema Luo. Akapanda, akaifunga nishani kwa flana nene, akaisukuma ndani ya tundu la upepo la chumba chake mpaka ikabana. Siku mbili tu, alijiambia. Mchana moto wa jiko huwa mdogo.

Jumanne palikucha na ukungu. Upepo hakuna hata wa kutikisa nguo kambani, na moshi wa ua wetu ulitambaa juu ya mapaa badala ya kupanda. Mchochezi wa tanuri anaijua siku kama hiyo kwa pua. Bomba la jiko lake halikuwa limekung'utwa tangu baridi ya mwaka uliopita.

"Baba Man," alisema Yinzhi, "kichwa kinanigonga tangu nilipoamka. Hebu litazame jiko kabla hujatoka."

Luo alikuwa na kofia mkononi na mguu mmoja nje. Kou alikuwa amemwita mzee mmoja mjuzi wa nishani kutoka Baoding, naye angeondoka jioni.

"Lala kidogo baada ya chakula. Nikirudi nitaliangalia."

Sokoni yule mjuzi alimwambia aende akailete nishani yenyewe. Luo hakwenda. Aliona haya kusema imefichwa wapi, tena alikuwa na watu wa kumsikiliza, akanogewa. Aliichora tarakimu ya sita kwa chaki sakafuni. Kou akachora nane. Wakanunuliana mikate ya ufuta. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, saa ya kila mtu katika mji huu kujilaza baada ya chakula.

Yinzhi alikula nusu ya mkate wa mvuke, akaongeza donge moja jikoni kwa sababu alisikia baridi, akajilaza.

Saa tisa Mama Pang alimpelekea bakuli la supu ya figili. Alibisha, akaita, akausukuma mlango, na mayowe yake tuliyasikia hadi barabarani. Tulimtoa Yinzhi uani kwenye hewa. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya bibi harusi. Wanaojua watakwambia rangi ile ni alama ya aliyekabwa na hewa ya makaa. Daktari alipofika hakufungua hata mkoba.

Man aliletwa kutoka kazini. Hakulia kwanza. Alizunguka chumba akitazama jiko, bomba, dirisha. Akapanda kwenye kiti, akatia vidole tunduni, akaivuta ile flana. Nishani ikamwangukia kiganjani. Wakati huo baba yake ndiyo kwanza anafika mlangoni, chaki ingali kwenye vidole, amefuatana na Kou.

"Baba," alisema binti, kwa sauti ndogo, "tundu liko wazi?"

Maneno ya Luo mwenyewe ya miaka thelathini. Man akaitupa nishani kwenye ndoo ya majivu, akatoka kumfunika mama yake.

Kou, Mungu amsamehe mdomo wake, hakuweza kujizuia. Aliinama akaiokota, akaifuta kwa kidole gumba. Majivu meupe yakabaki ndani ya michongo iliyolika. Nukta moja, na chini yake mstari mmoja, juu ya miguu miwili.

"Mzee Luo," alisema, "ni sita. Kofia ipo."

Luo hakuipokea, Kou akairudisha ndooni.

Man alimzika mama yake, akayauza makopo yote kwa mtu wa vyuma chakavu, na hajarudi kulala ua huu tena. Nishani ya gharika Luo aliiacha ndooni. Nani aliimwaga, hatujui. Siku hizi anaishi peke yake bila jiko, hata barafu ikishika ndani ya ndoo ya maji. Ila jioni hutoka akapita mlango kwa mlango.

"Tundu liko wazi?"

"Liko wazi, Mzee," tunamjibu, na sasa huwa tunapanda kiti kutazama kwanza. Akimaliza, husimama mbele ya mlango wake mwenyewe, akauliza, akangoja. Sisi humo ndani mwetu tunanyamaza hadi aingie.

FUNZO

Kupenda vitu vya zamani si dhambi, na mwenye kuvitunza anatutunzia kumbukumbu. Lakini ukiwa na jicho la kuona nukta iliyolika miaka themanini, litumie kwanza kumtazama mgonjwa aliye chumbani mwako. Anayekwambia kichwa kinamgonga, usimjibu ukiwa mlangoni. Vua kofia, rudi ndani, ulitazame jiko. Nasi majirani, tukiona mtu aliyekuwa akituuliza hali amenyamaza, tuvuke ua tukamuulize yeye.

Haya, nendeni. Na kila mmoja apande kiti chake aangalie.