Joto la Saa Nne

Habib hakuwa mtu wa kuamini kila jini linalosimuliwa na watu wenye nafasi ya kukaa. Alikuwa Mnubi wa Jinja, mtoto wa askari, aliyejifunza kuchomelea nyaya kwenye redio za kambini. Kompyuta zilipoanza kuingia mjini, yeye ndiye aliyeitwa kabla ya fundi mwingine yeyote. Nilikuwa jirani yake. Haya alinisimulia mwenyewe, na muda wote alikuwa akiangalia chini.

Ilikuwa Oktoba, mwaka wa tisini na saba. Simu ilitoka Mbale, kwenye chama kimoja cha wakulima wa kahawa. Kompyuta aliyowatengenezea majuma matatu nyuma ilikuwa inazimika yenyewe. Inawaka vizuri saa mbili asubuhi, ikifika saa nne inakufa, na ukiigusa ubavuni unaondoa mkono mbio. Habib akafunga bisibisi zake kwenye kitambaa, akaenda.

Meneja wa chama aliitwa Wamboga. Zamani alikuwa jeshini, kwa hiyo ofisi nzima ilimwita afande. Aliyekaa kwenye mashine ile kila siku alikuwa Nambozo, mjane wa Nakaloke, mama mpole mwenye vidole vyepesi. Alimmiminia Habib chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Wenzake walikuwa wameacha kunywa chai ile. "Mume wake alikufa na homa," mmoja alimnong'oneza Habib, "na sasa mashine nayo iko na homa." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaoogopa.

Habib akaiweka kompyuta mezani, akafungua kasha. Watu wakamzunguka. Akatoa feni ndogo, kisha akakinyanyua kile kibati chenye meno kinachokaa juu ya prosesa na kufyonza joto lake.

Kitu kikadondoka mezani.

Kilikuwa cheusi, chembamba, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kilikuwa kimeungua pembeni. Kilishonwa kwa uzi mwekundu.

Habib alikijua kabla hakijatulia. Ilikuwa hirizi ya mama yake, Zaituni. Siku zile wezi walikuwa wakivunja maduka ya mafundi na kuchomoa prosesa, basi Zaituni alishona hirizi ndogondogo, na kila mashine iliyolala dukani kwa Habib ililala na yake ndani. Kazi ya Habib ilikuwa kuitoa kabla mwenye mali hajaja. Lakini ile ya Mbale aliifunga Ijumaa, adhana ikiwa imeshalia, akili yake iko msikitini. Hirizi ikateleza chini ya kibati, ikakiinua kwa unene wa unywele mmoja tu. Unywele ule ulitosha. Joto likakosa pa kwenda.

"Fundi," Wamboga aliuliza polepole, "hii kitu ni nini?"

Lilitakiwa neno moja. Ni yangu, nilisahau. Lakini Habib aliwatazama watu wale, akaona jinsi watakavyolipokea, na jina lake likitembezwa kutoka Mbale mpaka Jinja kwamba fundi Mnubi anatia uchawi kwenye mashine za watu.

"Mimi sijui, afande."

"Basi nani anakaa hapa kila siku?"

Wote waligeuka. Nambozo alikuwa amesimama na kikombe mkononi, hakulia, hakujitetea. Aliutazama uzi mwekundu pale mezani. Kisha akaitazama shingo ya Habib, mahali ambapo uzi wa hirizi yake mwenyewe ulichungulia kwenye kola.

"Fundi," alisema, sauti haikufika kwa mwingine. "Wewe unajua."

Habib aliinama, akaisafisha prosesa, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto, akakikaza kibati. Mashine iliwaka mpaka jioni bila kutetereka. Hilo ndilo likawa ushahidi. Uchawi umetolewa, mashine imepona, nani tena anahitaji kesi? Wamboga aliichoma hirizi kwa mafuta ya taa nyuma ya ofisi. Nambozo aliambiwa asirudi. Habib aliwaona wakimpisha njia alipokuwa anatoka, wanawake wakikusanya nguo zao zisimguse, na hakufungua mdomo. Aliona haya mpaka masikio yakamwasha, lakini haya ile haikumsukuma mbele hata hatua moja.

Jumatatu, dukani Jinja, mashine moja ilizima. Akaangalia saa ya ukutani. Saa nne.

Akabadilisha feni. Kesho yake zikazima mbili. Saa nne. Akapaka dawa upya, akafungua madirisha, akasogeza meza mbali na jua. Siku ya tatu zikazima zote.

Siku ya nne hakuwasha hata moja. Alichomoa nyaya zote ukutani, akakaa kwenye kiti, akasubiri. Saa nne ilipofika, chumba kilikuwa kimya. Akajicheka. Kisha akasikia harufu. Plastiki inaungua.

Ilitoka kwenye kasha lililokuwa wazi mbele yake. Halina umeme. Feni haizunguki. Akanyoosha kidole, akagusa kibati.

Ngozi ilibaki pale.

Alimnong'onezea mama yake kila kitu jikoni, kidole kikiwa ndani ya bakuli la maji. Zaituni aliendelea kuchambua mchele.

"Hirizi haina kosa, Habib. Ulimi yako ndiyo iko na kosa. Rudi, ukaseme mbele yao."

"Nitaenda kesho, Mama."

Ikawa kesho, ikawa kesho nyingine. Ni vigumu kumweleza mtu jinsi aibu inavyomfunga mwanamume miguu. Anaamka amekata shauri, anavaa viatu, anafika mlangoni, anawaza macho ya watu, anavua viatu. Mvua za mwaka ule zikaanza kunyesha bila kukoma. Ilikuwa katikati ya Novemba alipofika Mbale, suruali imelowa mpaka magotini, akasimama mbele ya Wamboga na ofisi nzima.

"Ile kitu ilikuwa yangu, afande. Mama Nambozo hana kosa."

Wamboga alirudi nyuma mpaka akagonga kabati.

"Na wewe amekushika?" alisema kwa sauti ya chini. "Wee, tulisikia kwa masikio yetu. Ulisema hujui. Sasa nani amekutuma useme hivi?"

Habib alieleza tena. Kila alivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini kwamba mjane amemroga. Ukweli wake ulikuwa umechelewa, na sasa ulimchafua Nambozo zaidi ya uongo.

Akaenda Nakaloke kumtafuta mwenyewe. Alimkuta dada wa Nambozo, Janepher, amesimama chini ya paa la jiko, jembe mkononi.

"Nambozo yuko?"

Janepher alionyesha migomba kwa mdomo. "Siku kumi na mbili sasa tangu tumzike. Malaria. Mimi nilikuwa naweka uji mlangoni kwake, nakimbia. Sikuingia. Aliniita, sikuingia."

"Kwa nini?"

"Fundi wa Jinja alisema hajui hiyo kitu. Kama fundi hajui, basi ni nani?"

Mvua ilipiga bati.

"Fundi ni mimi," Habib alisema. "Ilikuwa yangu. Nilisahau kuitoa."

Alingoja matusi. Aliyataka. Janepher hakutukana. Uso wake ulizeeka pale pale, kisha akamfanyia ishara amfuate.

Migomba yote ilikuwa inachuruzika. Udongo ulikuwa tope. Lakini kaburi lilikuwa kavu, kavu kabisa, na kuku watano walikuwa wamelala juu yake, macho nusu wazi, wakiota joto.

Janepher alipitisha mkono chini ya jike mmoja, akatoa yai kwa ncha ya khanga yake. Akaligonga kwenye mpini wa jembe. Ganda likapasuka.

Lilikuwa limeiva.

"Kula," alisema.

Habib alilila, lote, amesimama kwenye mvua, kwa sababu Janepher alikuwa anamwangalia.