Ulimi wa Othman

Simu ya kibandani ilianza kunuka. Kila Nyange alipoiweka sikioni, ilimpulizia harufu ya karafuu zilizooza, na yeye, mtu wa kazi, akaipangusa kwa kanzu kuukuu, akaona yamekwisha.

Pemba haina reli, na ukikutana na mtu anayekuuzia tiketi ya gari moshi la Wete, mshike mpaka askari waje. Lakini Nyange alikoka moto miaka sita kwenye magari moshi ya mizigo kule Tanga, na huko alijifunza kwamba dereva huiweka roho yake mkononi mwa karani asiyemwona, anayemwambia njia nyeupe. Aliporudi Pemba kuendesha lori la karafuu, mwaka wa hamsini na tisa, akayakuta yale yale. Barabara ya Wete ilipita juu ya tuta katikati ya mikoko, upana wa lori moja, na kona isiyoonyesha mbele. Kila mwisho wa tuta kibanda, kila kibanda simu. Upande wa Wete alikaa karani Othman; upande wa pili dereva hupokea simu mwenyewe. Akisema pita, unapita.

Jumatatu Vuai, mdogo wake Nyange, naye dereva wa lori, alitoka kibandani akitabasamu. "Kaka, Othman kanipa njia. Leo kaniita ndugu yangu."

Nyange, aliyekuwa wa pili kwenye foleni, akacheka. Dakika tatu baadaye Vuai alikutana na lori jingine konani. Walimtoa topeni maiti.

Matanga yalipoanuliwa Nyange alirudi kibandani, na adhuhuri, jua la utosi, Othman akaja kwa miguu juu ya tuta.

"Umekuja kuona alipofia?"

"Sikumpa njia. Wallahi saa ile nilikuwa natawadha."

"Umemuua mdogo wangu, yakhe, na sasa wamfanya maiti mwongo."

"Miye mwongo?" Othman akamsogelea. "Kichwa cha punda weye, kama cha babako. Miaka minne nakupa njia, lini nilikudanganya?"

Nyange alikuwa keshamkunja shingo ya shati simu ilipolia. Aliinyanyua kwa mkono wa pili, bila kumwachia, na ile harufu ikajaa kibanda mpaka wote wawili wakakohoa, na ndani ya simu, polepole, sauti ya Othman, ile ile yenye mkwaruzo wa tumbaku, ikatoka wakati Othman mwenyewe amesimama mbele yake, kinywa kimefumbwa, macho yamemtoka, shati lake lingali ndani ya ngumi ya Nyange.

"Njia nyeupe, ndugu yangu. Pita."

Nyange akaachia shati.

"Weye humwiti mtu ndugu," alinong'ona. "Hata siku ya Idi. Vuai aliniambia kaitwa ndugu, nami nikacheka." Akaupiga ukuta mpaka ngumi ikachubuka. "Nikacheka, Othman."

Bi Mize, mganga wa Gando, alifukiza ubani siku saba. Harufu ikaondoka. Hata hivyo wale wawili wakawekeana shuruti: pasipo tusi, hapapitwi. Miaka miwili Othman alimtukana Nyange kila siku, kwa bidii ambayo wengine huiweka kwenye sala, na Nyange akavuka salama. Wake zao walidhani hawa ni mahasimu. Hakuna watu walioaminiana kama wao.

Kisha homa ikamchukua Othman. Walimzika asubuhi, Nyange akashuka kaburini kumlaza kwa mikono yake. Adhuhuri alikuwa kibandani na mzigo wake, akisubiri karani mpya wa upande wa Wete ampigie.

Simu ikalia. Karafuu zilizooza.

"Nyange," ikasema sauti ya Othman, na mkwaruzo wake, na hamaki yake, "kichwa cha punda weye, kama cha babako. Pita."

Machozi yakamshuka Nyange, na hasira iliyomshika ilikuwa kubwa kuliko woga, kubwa kuliko ile ya siku ya Vuai, maana udongo wa kaburi ulikuwa bado kuchani mwake.

"Hata tusi lake umeiba," alisema. "Hilo lilikuwa langu. Sipiti."

Kule konani, lori likapiga honi, likija.

Ndipo simu ikacheka kidogo, ikabadilisha sauti.

"Basi, kaka," akasema Vuai. "Mimi je?"